Je, Wajua? Ua Zima kwa Mstari Mmoja

Fomula ya ua la nyanya ni fupi kuliko namba ya simu
Wanabotania huliandika hivi: K(5) C(5) A5 G(2). K ni sepali, vile vijani vinavyofunika tumba. C ni petali. A ni stameni zenye chavuo. G ni sehemu ya kike. Namba ni idadi ya vipande, na mabano yanasema vimeungana. Mstari huo husomeka vilevile Rhamu, kule Mandera, na Berlin, hata kama wasomaji hawana lugha moja!

Tikiti huanza kabla ya ua kuchanua
Pita kwenye mashamba ya kandokando ya mto Daua, uinamie ua la kike la tikiti maji. Limekalia tikiti dogo, tayari lina umbo lake! Kwenye fomula, kistari huchorwa juu ya G: ovari, ile sehemu inayokuwa tunda, iko chini ya petali. Kwa nyanya kistari huwa chini ya G, maana tunda hukua juu ya sepali. Sepali hizo ndizo zile pembe za nyota ya kijani inayobaki kwenye kikonyo hadi sokoni.

Kitunguu hakina K wala C
Sepali na petali zake hazitofautiani, basi hupewa herufi moja, P: P3+3 A3+3 G(3). Tatu, tatu, tatu, hadi mwisho.

Kuna ua lililowashinda kuhesabu
Kijimpira cha mgunga si ua moja, ni kusanyiko la maua mengi madogo sana. Manyoya unayoyaona ni stameni, na kila ua linazo tele hata fomula huandika A∞, yaani zisizo na idadi maalumu. Petali zipo, ila zimezama humo ndani.

Mswaki na sukuma wiki wana undugu
Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mti wa mswaki, caday kwa Kisomali, una K(4) C(4) A4. Sukuma wiki ina K4 C4 A2+4: nne tena, ila stameni ni sita, mbili fupi na nne ndefu. Mmoja hustahimili ukame wa Mandera, mwingine hutaka maji kila mara, lakini wanabotania wameiweka yote katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la mimea, iitwayo Brassicales, pamoja na haradali. Ulimi nao hushuhudia: ule ukali wa mzizi wa mswaki unapoutafuna hutokana na kemikali za kundi lilelile linaloipa haradali makali yake.