Hatimiliki si ngao ya mnunuzi wa nyumba kwa mkopo

Katito ni soko ambalo msafiri wa kutoka Ahero kwenda Sondu na Kisii hana budi kulipita, na papo hapo ndipo inapochipuka barabara iendayo Kendu Bay na Homa Bay. Kama ilivyo katika masoko mengi yaliyo kwenye njia panda, ardhi iliyo kando ya lami imekuwa mali inayotamaniwa. Mashamba yaliyokuwa ya mtama na mahindi yanakatwakatwa kuwa viwanja vidogo, na mfanyakazi mwenye mshahara wa kila mwezi anashawishika kuona kwamba wakati wake wa kumiliki nyumba umewadia. Fedha hana, lakini benki inazo.

Hapo ndipo makosa makubwa huanza. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba aliye na hatimiliki mkononi amefika mwisho wa safari. Kwa hiyo mnunuzi huonyeshwa cheti chenye mhuri wa serikali, akatoa arbuni, akakimbilia benki kutafuta mkopo, na hata hajui jina la mtu aliyezikwa katika shamba hilo. Makala haya yanashikilia kwamba imani hiyo ni ya hatari, na kwamba kwa mtu anayenunua kwa mkopo wa rehani hatari yenyewe ni maradufu. Anayenunua kwa fedha zake akidhulumiwa hupoteza alichokuwa nacho. Anayenunua kwa mkopo hupoteza nyumba na bado deni likabaki shingoni mwake.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika nchi ya Waluo, kama kwingineko nchini, ardhi haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya ukoo, na kila kizazi kiliishika kwa niaba ya kile kitakachofuata. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, na baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka wa 1963, vilileta fikira ngeni: shamba lipimwe, lipewe nambari, na liandikwe kwa jina la mtu. Aghalabu jina lililoandikwa lilikuwa la kaka mkubwa au la mzee wa boma, naye alilipokea kwa niaba ya ndugu zake. Daftari halikusema hivyo. Lilimtaja yeye peke yake.

Isitoshe, wamo katika mashamba hayo wale wanaoitwa jodak, yaani wageni waliokaribishwa na wenye ardhi zamani, wakajenga, wakalima, na wakazaa watoto na wajukuu papo hapo. Yako pia makaburi. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambaye hatimaye alizikwa Nyalgunga mwezi wa Mei mwaka wa 1987 baada ya mvutano wa miezi kadhaa mahakamani, iliwafundisha Wakenya wote uzito wa uhusiano uliopo baina ya Mluo na udongo wa kwao. Naye mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1989 kuhusu fedha zinazoitwa pesa makech, yaani fedha chungu. Fedha zitokanazo na kuuza ardhi ya ukoo huhesabiwa kuwa miongoni mwazo, na inaaminika kwamba hazifai kulipia mahari. Mwaka wa 2009 alichapisha kitabu kingine kuhusu jambo hili hili la kuweka ardhi ya mababu rehani. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wazee tu. Ndiyo yanayomfanya ndugu wa muuzaji ajitokeze na panga siku mnunuzi anapoleta mchanga na kokoto.

Je, sheria inasemaje? Kwa miaka mingi mahakama zetu zilielekea kushikilia kwamba aliyeandikwa ndiye mwenyewe, na mila zikae kando. Mkondo huo umebadilika. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 26, inakichukulia cheti kuwa ushahidi wa umiliki, lakini inaruhusu kipingwe ikiwa kilipatikana kwa ulaghai ambao mwenye cheti alishiriki, au ikiwa kilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Kifungu cha 28 kinataja haki ambazo huifunga ardhi hata kama hazikuandikwa popote katika daftari. Miongoni mwake ni amana za kimila, na haki za mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 au zaidi bila ya ruhusa yake. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya kimila humfunga aliyesajiliwa, hata kama anayeidai haishi katika shamba lenyewe.

Kisha ukaja uamuzi wa mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilidai kwamba ilinunua ardhi kwa nia njema. Mahakama ya Juu ilisema kwamba ikiwa ardhi ilitolewa kwa njia isiyo halali tangu mwanzo, hati iliyozaliwa na tendo hilo haiwezi kumlinda hata mnunuzi wa baadaye. Katiba ya mwaka wa 2010 yenyewe, katika ibara ya 40, inasema kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyothibitishwa kuwa ilipatikana kinyume cha sheria. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mnunuzi hawezi tena kuridhika kwa kulitazama tawi. Lazima achimbe hadi kwenye mzizi.

Sasa tuchukue mfano wa mwalimu anayetaka kununua nyumba iliyojengwa katika kiwanja karibu na soko la Katito. Afanye nini?

Kwanza, aende katika ofisi ya msajili wa ardhi apekue daftari. Asitosheke na cheti cha upekuzi kinachoonyesha mmiliki wa leo. Aombe kuona kadi ya kijani, ambayo huonyesha jinsi shamba lilivyotoka mkono mmoja hadi mwingine, lini liligawanywa, na kama kuna zuio au rehani juu yake. Akikuta jina lililoandikwa ni la marehemu, asimame papo hapo. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wa mirathi, na anayejiingiza katika mali hiyo bila idhini anatenda kosa la jinai. Ahadi ya kwamba "mambo ya kortini yako karibu kwisha" isimtoe shilingi hata moja.

Pili, aende shambani pamoja na mpimaji, wapate mawe ya mipaka, na wahakikishe kwamba nyumba haikuingia katika hifadhi ya barabara. Awaulize majirani, mzee wa kijiji na naibu wa chifu: ni nani aliyezaliwa hapa, nani amezikwa hapa, na nani analima kile kipande cha nyuma? Hakuna daftari litakalomjibu maswali hayo.

Tatu, ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka wa 1967 inataka ipatikane idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Wako wanaoiona bodi kama kero. Mimi naiona kuwa rafiki wa mnunuzi, kwa maana ndipo mahali ambapo mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa huulizwa mbele ya wazee kama wamekubali. Afadhali ubishi uzuke hapo, kabla ya fedha kutoka, kuliko kuzuka siku ya kuhamia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 pia hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ya idhini ya maandishi ya mume na mke.

Nne, mkataba uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili na kushuhudiwa. Desturi ya mawakili ni arbuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Arbuni hiyo na ikae mikononi mwa mawakili. Isiingie mfukoni mwa dalali. Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani katika miji na asilimia 2 mashambani. Wengi huusahau katika hesabu zao na kujikuta wamekwama nusu ya safari.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya benki. Ugumu wa ununuzi wa mkopo ni huu: muuzaji hataki kuachilia hati kabla ya kulipwa, na benki haitaki kulipa kabla rehani haijaandikwa kwa jina lake. Daraja linalowavusha wote wawili ni ahadi ya kitaaluma, yaani barua ya benki au ya wakili wake kwa wakili wa muuzaji, kwamba fedha zitalipwa punde rehani ikishasajiliwa. Wakili akiivunja ahadi yake anaweza kushtakiwa na hata kuadhibiwa na chombo cha nidhamu cha mawakili. Dalali hana daraja kama hilo. Akitoweka, ametoweka.

Lakini hapa mnunuzi hujidanganya. Hudhani kwamba kwa kuwa benki ina wakili, naye ana wakili. La, hasha! Wakili wa benki huilinda benki. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba rehani ni halali, wala si kumwonya mwalimu kwamba riba inaweza kupanda. Wenye umri mkubwa watakumbuka jinsi riba za mikopo zilivyopita asilimia 30 katikati ya miaka ya 1990. Siku hizi Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inaitaka benki itoe notisi ya siku 30 kabla ya kubadilisha riba. Mkopaji akishindwa kulipa, apewe notisi ya siku 90, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada naye atoe siku 45. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imekosa uangalifu hadi ithibitishe vinginevyo. Hizi ni haki, lakini haki isiyojulikana haimfai mwenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wako watakaosema kwamba mashauri haya ni ya matajiri, kwamba wakili na mpimaji ni gharama, na kwamba mwenye haraka atatangulia kukinunua kiwanja hicho. Ni kweli gharama ipo. Hata hivyo, gharama hiyo hulipwa mara moja, ilhali mkopo wa nyumba huweza kulipwa kwa miaka 20. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hata hivyo, si haki mzigo wote abebeshwe mnunuzi. Serikali ndiyo inayoliweka daftari, ndiyo inayotoza ushuru wa stempu, na ndiyo inayopiga mhuri. Sheria ya Usajili wa Ardhi inatambua fidia kwa anayepata hasara kwa sababu ya kurekebishwa kwa daftari, mradi hakuchangia kwa ulaghai au uzembe wake. Fidia hiyo na iwe kitu ambacho mwananchi wa Nyakach anaweza kukipata bila ya kuzeeka kortini. Nazo benki, ambazo hadi mwaka wa 2023 zilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika nchi nzima, zisilalamike kwamba Wakenya hawataki mikopo, huku zikiogopa kupokea shamba la ukoo kama dhamana. Woga wao una sababu: nani atakayethubutu kununua mnadani boma lenye makaburi ya wenyewe? Dawa ni kuzisaidia familia zimalize mirathi na zigawane ardhi kwa amani, ili kila jina lililomo katika daftari liwe ni jina linalokubaliwa pia na watu walio shambani.

Hadi siku hiyo ifike, mnunuzi wa Katito na akumbuke kwamba ananunua vitu viwili, karatasi na udongo. Karatasi itakaguliwa na wakili. Udongo una wenyewe, na wengine wao wamelala ndani yake. Asitie saini mkopo wa nyumba kabla ya kupata jibu kutoka pande zote mbili.