Pikipiki Wakati wa Masika: Nasaha kwa Nyumba za Waislamu wa Bonde la Kilombero

Mwezi wa Machi unapoingia na mawingu yakakaa juu ya milima ya Udzungwa, kila mwenye nyumba katika bonde la Kilombero hutazama mambo matatu: paa lake, shamba lake la mpunga, na njia yake. Juu ya paa na mpunga wazee wetu wametuachia elimu ya kutosha. Lakini juu ya njia mambo yamebadilika, kwa kuwa chombo cha kwendea leo si miguu wala baiskeli peke yake, ni pikipiki. Pikipiki humpeleka mwalimu shuleni, mama mjamzito hospitali, gunia la mpunga mashineni na mtoto chuoni. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tuseme nanyi, ndugu zetu, wazazi na vijana, juu ya namna ya kukitunza chombo hiki na kukipanda wakati wa mvua. Maana roho nyingi zimekaa juu yake, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kwanza yatupasa kuijua nchi tunayokaa. Bonde letu limelala baina ya milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Maji yanayoteremka huko hukutana chini, yakaingia mto Kilombero, nao ukaenda kuungana na Luwegu kuufanya mto Rufiji. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Maana ya jambo hilo kwa mpanda pikipiki ni nyepesi: maji ndiyo mwenyeji hapa, na sisi tu wageni wake. Asiyejua haya atastaajabu kuiona njia aliyopita asubuhi imekuwa mto jioni.

Zamani khofu yetu kubwa ilikuwa mto Kilombero wenyewe. Watu walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilipatwa na ajali mtoni. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na leo mtu hutoka Ifakara akafika Lupiro pasipo kungoja kivuko. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Lakini khatari haikuondoka; imehama tu. Imetoka katika mto mkubwa, ambao kila mtu aliuogopa, ikaingia katika vijito, makalvati na mabonde madogo ya njia za vijijini, ambayo watu huyadharau. Hata mto Lumemo, unaopita pale pale Ifakara, umepata kufurika ukaingia majumbani. Na katika masika ya mwaka 2024, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa watu 155 walikwisha kufa nchini kwa mafuriko na maafa mengine ya mvua. Hayo si mambo ya kusikia na kupita.

Wako wasemao: "Ajali ni kadari, siku ikifika imefika." Neno hili ni la kweli, lakini hutumiwa mahali pasipo pake. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na imepokewa tena kwamba alimpitia ngamia aliyekonda mpaka tumbo limeshikana na mgongo, akawaonya watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema, na wawapande wakiwa katika hali njema. Pikipiki haina roho, lakini nayo ni bubu. Haiwezi kumwambia bwana wake kuwa breki zimekwisha au cheni imelegea. Tena iko tofauti moja: ngamia akidhulumiwa huumia yeye, pikipiki ikipuuzwa huumia aliyeipanda.

Basi kuifunga pikipiki katika masika ni nini? Ni kazi ya robo saa baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kupiga kiki.

Anza na matairi. Tairi lililokwisha kashata zake haliwezi kuyasukuma maji kando wala kushika udongo. Juu ya lami yenye maji huteleza kama sabuni. Bonyeza upepo, zungusha gurudumu, tazama spoki zilizolegea. Kisha jaribu breki zote mbili, ya mkono na ya mguu. Breki za ngoma, ambazo pikipiki nyingi ndogo huwa nazo, zikiingiwa na maji hupoteza nguvu. Kwa hivyo kila utokapo katika maji, nenda polepole huku ukizigusa breki kidogo kidogo, mpaka joto lizikaushe na nguvu zirudi. Wala usingoje kulijaribu jambo hili mbele ya watoto wanaovuka njia.

Cheni ndiyo inayoteseka zaidi. Matope yetu yamechanganyika na mchanga, na mchanga ni tupa: huila cheni pamoja na meno yanayoishika. Jioni iogeshe, ikaushe, kisha uitie oili. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni iwe na mlegeo wa kadiri ya sentimita 2 hadi 3 hapo katikati. Ikikazwa mno hukatika. Ikilegea mno huruka kutoka kwenye meno na yaweza kulifunga gurudumu ghafula. Na injini izimwe kabisa wakati wa kuisafisha, kwani cheni inayozunguka hukata vidole kabla mtu hajajua kuwa amekatwa.

Oili ya injini isisahauliwe. Injini hizi ndogo hubeba kadiri ya lita 1 tu, na oili chache huchoka upesi. Mwenye kwenda kilomita 100 kwa siku hutimiza kilomita 2,000 katika siku 20. Basi ahesabu mwendo wake, asihesabu miezi. Kitabu kilichokuja na pikipiki kitamwambia kiasi kinachofaa. Na oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, ajue kuwa maji yameingia ndani, aimwage papo hapo.

Juu ya petroli pia tuna neno. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa, na wakati wa mvua hukosi chupa iliyoingiwa na maji. Iinue chupa penye mwanga uitazame: maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mstari baina yao huonekana kwa macho. Pikipiki inayokohoa na kuzimika baada ya mvua mara nyingi imeyanywa maji hayo. Fundi akilegeza parafujo iliyo chini ya kabureta, maji hutoka. Mwisho, chukua kijiti ukwangue matope yaliyokwama chini ya madigadi, usafishe taa, uiwashe. Taa katika mvua haikusaidii wewe kuona tu; yamsaidia mwenye lori akuone.

Sasa tuitazame nguo, kwa kuwa ni jambo linalotuhusu sisi Waislamu khasa. Kanzu, buibui, khanga na mtandio ni stara, na stara ni wajibu. Lakini ncha ya vazi ikinaswa na cheni au spoki za gurudumu la nyuma, humvuta aliyelivaa akaanguka kwa nguvu, na mtandio hukaza shingoni. Dawa yake ni nyepesi: suruali pana ivaliwe ndani, vazi likusanywe na kukaliwa, mtandio ufungwe vizuri chini ya koti. Dada anayekaa upande mmoja hupoteza mizani ya chombo penye utelezi. Akivaa suruali pana ndani atakaa kama inavyopasa, na stara yake imebaki. Na kofia ngumu ivaliwe na wote wawili, ifungwe mkanda. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia hiyo hupunguza kwa asilimia 42 khatari ya kufa kwa mpanda pikipiki anayepata ajali, na kwa asilimia 69 khatari ya kuumia kichwa. Kofia ya vito ni pambo la mswalihina, nasi twaipenda, lakini haikushonwa kwa ajili ya kuzuia lami.

Juu ya kupanda kwenyewe tutasema machache. Mvua ya kwanza baada ya jua kali ndiyo mbaya kuliko zote juu ya lami, kwa sababu huamsha vumbi na mafuta yaliyoganda njiani; mngoje nusu saa ainyeshee njia mpaka ioshwe. Penye matope shika gia ndogo, mwendo mmoja, mikono isikakamae, wala usibane breki ya mbele ghafula, kwani hapo gurudumu huteleza na mtu akawa chini. Abiria awe mmoja. Ule mtindo wa kupakia watu watatu na wanne, uitwao mshikaki, umekatazwa na serikali. Nasi twaongeza kuwa anayempakia mtoto wa watu katikati ya wakubwa wawili juu ya matope ameichezea amana.

Kisha yaja jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni maji yapitayo juu ya njia. Kijana hufika hapo, akaona wenziwe wawili wamevuka, akasema: "Na mimi nitavuka." Hajui kuwa kalvati laweza kuwa limekwisha kuondoka chini ya maji hayo, wala hajui kuwa maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika magotini tu, huweza kumwangusha mtu mzima, pikipiki na abiria wake. Kanuni yetu iwe hii: maji yanayokwenda, yasiyoonyesha ardhi iliyo chini yake, hayavukwi. Rudi, au ngoja yapungue. Na maji yaliyosimama ambayo kina chake hakijulikani, yapimwe kwanza kwa fimbo, abiria akiwa amekwisha kushuka.

Ikiwa injini imezimikia majini, usiipige kiki kwa hasira. Maji yakiwamo ndani ya silinda hayashindiliwi kama hewa, na kulazimisha huvunja vyuma vya ndani. Isukume mpaka pakavu, fungua plagi, kisha ndipo upige kiki taratibu maji yatoke. Kausha plagi, tazama kichujio cha hewa na oili, na ukiwa na shaka mwite fundi.

Pengine mtu atasema: "Nina swala ya Ijumaa, nina darasa, nina haja ya lazima." Ndugu yetu, sheria yetu ina huruma kuliko unavyodhani. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwamrisha mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Watu walipostaajabu, aliwaeleza kuwa hivyo alifanya aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), na kwamba hakupenda kuwatoa watu wakenda katika matope na utelezi. Ikiwa kwa mvua na matope mtu amepewa rukhusa kuikosa Ijumaa msikitini, je, gunia la mpunga au safari ya sokoni yawezaje kuwa udhuru wa kuivamia mito?

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wenye mali. Vijana wengi wa bonde hili hawapandi pikipiki zao. Hupanda pikipiki za watu kwa mkataba, na kila jioni hupeleka hesabu. Kijana huyo afikapo penye maji, hayatazami maji peke yake. Huitazama na hesabu ya jioni. Mwenye chombo ambaye siku ya mafuriko hudai fedha ile ile ya siku ya jua, bila kupunguza hata shilingi, asijidanganye kuwa yeye hakuwapo mtoni. Alikuwapo, naye ndiye aliyesukuma. Basi yafaa waandikiane tangu mwanzo kuwa siku ambazo njia imefungwa na maji hazihesabiwi, na kuwa fedha ya oili, matairi na breki hutengwa kabla ya faida. Vivyo hivyo mzazi asimwambie kijana "fanya upesi" wakati mvua inanyesha; wala mwalimu wa chuo asimpige mtoto aliyechelewa kwa ajili ya mto. Atakayemngoja mtoto wake mlangoni mpaka saa mbili za usiku, akamwona anafika na matope mpaka magotini lakini mzima, na aseme Alhamdulillahi, amletee maji ya kunawa.

Na wewe kijana, ukiisha kutazama tairi, breki, cheni, oili na taa, ukavaa kofia yako, ndipo uikumbuke dua ya mwenye kupanda chombo, iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na ya 14. Ndani yake tunakiri kuwa si sisi tuliokitiisha chombo hiki, na kuwa marejeo yetu ni kwa Mola wetu. Aisomaye dua hiyo huku anajua kuwa breki zake zimekwisha, na atafakari ni kitu gani anachokiomba.

Mwenyezi Mungu aijaalie mvua yetu kuwa mvua ya kheri, ijaze mpunga isijaze majumba, na awarejeshe salama wote waliomo njiani. Amin.