Mpagazi wa Damu na Jiko la Mkaa



Ndugu wanafunzi na wazazi, sisi wa Tabora tunazijua habari za wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba nguo na shanga kutoka Bagamoyo hadi hapa na hadi Ujiji, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Mpagazi mzuri ana sifa mbili: haangushi mzigo njiani, na akifika anautua. Asiyekubali kuutua hana faida.

Mwenyezi Mungu ameweka mpagazi wa namna hiyo ndani ya damu yetu. Ni protini iitwayo himoglobini. Ina nafasi 4, kila moja ikiwa na chembe ya chuma. Mapafuni oksijeni hunasa hapo, kisha huachiwa mwilini inapohitajika. Kitu kinachonaswa na protini hivi huitwa ligandi. Tabibu wetu Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikwishaeleza kwamba damu hupita mapafuni na kukutana na hewa huko.

Je, nguvu ya kunasa hupimwaje? Himoglobini hupewa oksijeni kidogo kidogo. Isiyo na oksijeni ni nyekundu iliyoiva, yenye nayo hung'aa. Basi rangi huonyesha nafasi ngapi zimejaa. Hutafutwa kiwango cha oksijeni kinachojaza nusu ya nafasi. Kiwango kikiwa kidogo, mshiko ni mkali zaidi, kwani mwenye mkono wa nguvu hahitaji mizigo mingi impitie ndipo akamate mmoja.

Kwa mtu mzima kiwango hicho ni kama 27, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mapafuni oksijeni ni kama 100, hivyo karibu nafasi zote hujaa. Kwenye misuli inayofanya kazi hushuka chini ya 27, na mzigo hutuliwa. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni ina kiwango cha kama 20, ndiyo maana huipata oksijeni kutoka damu ya mama yake. Subhanallah!

Sasa tahadhari. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hushika nafasi zile zile, kwa nguvu zaidi ya mara 200. Fanya hesabu: oksijeni ni sehemu 210 katika kila sehemu 1,000 za hewa. Gawa kwa 200, unapata kama 1. Basi sehemu 1 tu ya sumu hii katika 1,000, ikivutwa kwa saa kadhaa, yaweza kuteka karibu nusu ya nafasi. Tena zilizobaki hung'ang'ania oksijeni zisiitue. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na aliyelala huenda asiamke.

Usiku wa Juni na Julai, baridi inapoingia, usiweke jiko chumba cha kulala, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Sufuria ya maji juu yake haizuii sumu hii. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje, mpeleke hospitali haraka. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka. Oksijeni ya hospitali hufupisha sana muda huo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Tulitii kabla ya kujua himoglobini. Sasa tuna sababu moja zaidi ya kutii.

Wabillahi tawfiq.