Transfa Mbili kwa Pikapu ya Kupanda Majabali

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na huenda hapana walioshika neno hilo kwa vitendo kama wapenzi wa pikapu za Toyota huko California, Marekani. Hao hawashindani kwa mbio. Huingia njia ya Rubicon, katika milima ya Sierra Nevada, iliyojaa majabali ya kadiri ya pipa, na taabu yao ni kwamba gari, hata katika gia nzito kabisa, bado lenda mbio mno. Dereva hukaa akichezea klachi mpaka inaungua.

Na tupige hesabu, ndugu msomaji. Chukua pikapu ya zamani ya silinda nne, ile tuijuayo sisi kwa jina la Hilux. Gia yake ya kwanza ni 3.95, transfa ikiwa kwenye nzito ni 2.28, na difu ni 4.10. Zidisha zote, wapata kama 37. Yaani injini yazunguka mara 37 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi za inchi 31 na injini ikinguruma mizunguko 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, gari latambaa mita 53 kwa dakika. Juu ya jabali, hizo ni mbio.

Dawa iliyopatikana ni kufunga transfa nyuma ya transfa, jambo lililopata umaarufu kwa kazi ya fundi Marlin Czajkowski wa huko huko California. Transfa ya Toyota hiyo ni ya gia tupu, haina mnyororo, na sehemu yake ya mbele hufunguka peke yake. Basi huhitaji transfa ya pili nzima. Nusu yake yatosha, pamoja na bamba la kuziunganisha. Ile 37 yawa 84, na mwendo washuka hadi mita 23 hivi.

Hapa ndipo penye kuchagua. Wako wanaotia gia za 4.7 katika transfa moja na kuiacha ya pili na 2.28 yake. Hesabu yapanda hadi 174, mita 11 tu kwa dakika. Faida yake, kwa maoni yangu, si huo ukobe. Ni kwamba dereva ana mikono minne ya kuchagua: ya kawaida, 2.28, 4.7, na zote pamoja, 10.7. Mwenye transfa moja ya 4 kwa 1, kama Jeep Wrangler Rubicon ilivyotoka kiwandani mwaka 2003, ana miwili tu, ingawa kazi yake ni nyepesi kufunga.

Lakini nguvu haizuki bure. Kila unapozidisha gia, wazidisha pia msukosuko unaofika kwenye ekseli, na jointi za ekseli nzima ya mbele ya Toyota hizo zajulikana kwa kuvunjika. Hatari kubwa zaidi ni kutia transfa ya mbele nzito huku ya nyuma ikivuta magurudumu mawili tu. Yafaa kwa kukata kona nyembamba, ila mzigo wote waangukia ekseli moja. Mwenye fedha kidogo na aanze na ekseli.

Na kwetu Mwambao? Mwenye kupita mchanga wa Mambrui asijisumbue. Mchanga wataka mwendo na tairi zilizopunguzwa upepo. Ukienda kikobe wazama.

Aliyekwisha kuamua akumbuke kuwa transfa yasogea nyuma. Shafti ya nyuma sharti ikatwe, ya mbele irefushwe, na vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki.