Kompyuta Kuukuu Ikiingia Giza

Kila askari aliyepitia mafunzo anajua kwamba bunduki ikikataa kufyatua haitupwi kando, wala hairudishwi ghalani kabla ya kukaguliwa. Mwenyewe hutazama chemba, hutazama magazini, hutafuta ni mahali gani mwendo wa risasi umekatika, ndipo ajue la kufanya. Ajabu ni kwamba askari huyo huyo, kompyuta yake ya kupakata ikiingia giza kiooni, huibeba moja kwa moja mpaka kwa fundi wa kwanza amwonaye barabarani, akamwachia pamoja na kila kilichomo ndani yake, na kukubali lolote atakaloambiwa.

Jambo hili lilikaribia kumfika sajini mmoja ambaye nimefahamiana naye kwa miaka mingi. Kompyuta yake aliinunua mwaka 2012 kwa akiba ya posho aliyoipata Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika ambacho askari wa Uganda walikuwa wa kwanza kuingia nacho Mogadishu mwezi Machi 2007. Ndani yake mna picha za wenzake wa platuni, na baadhi yao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Mna pia nakala za barua zake za utumishi, alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya siku ya kustaafu. Nakala nyingine hakuwa nayo popote. Asubuhi moja aliiwasha kama kawaida. Taa ndogo zikawaka, feni ikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi kama chungu. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa muda wa dakika mbili, akatamka kwamba ubao mkuu umekufa, akamshauri anunue nyingine na hiyo ya zamani amwachie yeye kwa bei ya vipuri. Sajini aliomba siku moja ya kufikiri, na jioni yake akanipitia nyumbani, mashine ikiwa kwapani.

Ili msomaji afahamu tuliyoyafanya, yafaa ajue njia ambayo picha huipita. Picha huundwa na chipu iliyomo katika ubao mkuu, chini ya kibodi. Kutoka hapo husafiri kwa mkanda mwembamba wa nyaya unaopenya katika bawaba za kifuniko, hata ikafika kwenye kioo. Kioo chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Ni mfano wa pazia lenye vitundu vidogo mno visivyohesabika, vinavyofunguka na kufungika. Mwanga tunaouona hutoka nyuma ya pazia hilo. Katika kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2010 au karibu na hapo, mwanga huo ulitolewa na mrija mwembamba wa taa uliohitaji umeme wa mamia ya volti. Katika zile zilizofuata hutolewa na safu ya taa ndogo za LED. Basi giza laweza kuzaliwa katika chipu, katika mkanda, katika kioo, au katika taa ya nyuma, na gharama ya kuliondoa hutofautiana sana kwa kila mahali.

Swali la kwanza lilikuwa iwapo mashine ilikuwa ingali na fahamu zake. Nilimwambia sajini abonyeze kitufe cha herufi kubwa. Taa yake ndogo ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Hiyo ilikuwa dalili njema, kwa maana kompyuta ambayo ubao wake umekufa kabisa haitii amri kama hiyo. Kama isingetii, tungeondoa chaja na betri, tukabonyeza swichi ya kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha tukajaribu tena kwa chaja peke yake. Dawa hiyo rahisi imefufua mashine nyingi. Inayofuata ni kuchomoa vijibao vya kumbukumbu, kuvipangusa na kuvirudisha vikakaa sawasawa. Kompyuta nyingine hulia au hupepesa taa mara kadhaa zinaposhindwa kuamka. Askari wa mawasiliano watafahamu upesi kwamba hizo ni alama za siri, na idadi yake yapasa iandikwe, kwani watengenezaji hueleza maana ya kila moja.

Tulizima taa ya chumba. Nikaleta tochi, nikaimulika kiooni kwa ubavu, karibu karibu. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha sajini akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba anamwona binti yake. Alikuwa ameiweka picha ya mtoto huyo, katika sare ya shule, iwe mandhari ya kompyuta. Na kweli alikuwapo, hafifu kama mtu anayetazamwa kupitia chandarua usiku. Maana yake ni kwamba picha ilikuwa ikifika kiooni salama. Kilichokosekana ni mwanga wa nyuma tu. Tuliongeza mwangaza kwa vitufe vyake, maana huenda mtu ameupunguza bila kujua, lakini hapakuwa na badiliko.

Tukaunganisha mashine na televisheni kwa waya wa HDMI, tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P ili picha ielekezwe nje. Mara binti akatokea kwenye televisheni akiwa na rangi zake zote. Sajini alitaka tuendelee kuutafuta ugonjwa, nami nikamkatalia kabisa. Mashine ya umri ule ikikupa nafasi ya kuingia ndani, kazi ya kwanza ni kuokoa vilivyomo, kwa sababu kesho huenda ikanyamaza moja kwa moja. Tulinakili picha na barua zote katika diski mbili ndogo za kuchomeka. Ilituchukua hadi karibu na saa sita za usiku, na umeme ulikatika mara moja. Diski moja aliichukua yeye; ya pili ilikwenda kwa mkewe.

Laiti televisheni nayo ingebaki nyeusi, au ingeonyesha mistari na mabaka, lawama ingeiangukia chipu ya picha. Ugonjwa huo umewapata hata wakubwa wa biashara hiyo. Mwezi Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za kompyuta za kupakata zilizokuwa zikiharibika kupita kiasi. Na mwezi Februari 2015 Apple ilianza kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro za tangu mwaka 2011 zilizokuwa na matatizo ya picha. Chipu hupata joto na kupoa kila siku, hutanuka na kusinyaa, na viungo vidogo vinavyoishika hatimaye hufanya nyufa. Vumbi letu jekundu likiziba feni, mambo huharakishwa. Wako mafundi wanaoichoma chipu kwa hewa ya moto mpaka picha irudi. Mara nyingi hurudi kwa siku au majuma machache tu, nami singemshauri askari kuilipia kazi hiyo.

Asubuhi tuliendelea. Nilimwambia sajini akifungue kifuniko polepole, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba asiyoijua. Kilipofika nusu ya njia, kioo kikamulika ghafula. Alipokisukuma zaidi, giza likarudi. Akakirudisha, mwanga ukaja. Hapo tulijua kwamba ule mkanda wa nyaya ulikuwa umekatika katika bawaba. Kwa zaidi ya miaka kumi kifuniko kile kilifunguliwa na kufungwa kila siku, na kila mara mkanda ulikunjwa mahali pale pale. Kama mwanga usingebadilika kwa mwendo wowote wa kifuniko, ningetuhumu taa zenyewe, au fyuzi iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo fundi hodari huipima kwa mita.

Tena kuna giza ambalo si ugonjwa. Katika kompyuta nyingi kifuniko kina sumaku inayoiarifu mashine kwamba kimefungwa. Niliwahi kumwona konstebo aliyelalamika kwamba kioo chake huzima kila anapoanza kuandika ripoti. Kosa lilikuwa la saa yake ya mkononi, ambayo mkanda wake hufungwa kwa sumaku. Na palipo na mabaka kama wino uliomwagika, basi kioo kimepasuka, hakuna la kutafuta zaidi. Anunuaye kioo kingine asitosheke na ukubwa wake. Ainakili namba iliyo mgongoni mwa kile cha zamani, kwa kuwa vioo viwili vya kipimo kimoja huweza kutofautiana kwa pini za kuungia, kimoja kikiwa na 30 na kingine na 40.

Tulimtafuta fundi mwingine, tukamweleza tunachotaka: mkanda wa nyaya, basi. Kabla ya kumkabidhi mashine, sajini alichomoa betri, akafungua skrubu chache chini yake, akatoa diski akaitia mfukoni. Fundi alishangaa. Lakini kompyuta isiyo na diski bado huonyesha alama ya mtengenezaji inapowashwa, na hiyo yatosha kabisa kupima kioo. Afisa wa polisi ambaye mashine yake ina majina ya mashahidi, au askari mwenye orodha ya malindo, hana budi kufanya vivyo hivyo hata fundi awe rafiki yake. Na mashine ikiwa ni mali ya serikali haipelekwi mtaani kamwe, bali kwa ofisi inayohusika. Kwa zile za zamani zaidi, zenye mrija wa taa, mtu asiyejua kazi asifungue kifuniko chake: umeme wa hapo ni mkali, na ndani ya mrija mna zebaki.

Mkanda uliagizwa kutoka Kampala, ukafika baada ya siku nne. Gharama yake pamoja na ufundi ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Sajini aliketi kwenye kibao kando ya meza muda wote, akatazama bawaba zikifunguliwa, mkanda wa zamani ukitolewa, nyaya zake mbili zikiwa zimechanika kama uzi wa kiatu. Kioo kilipowaka aliirudisha diski kwa mkono wake mwenyewe. Barua za utumishi hakuzifungua. Alifungua picha ya platuni, iliyopigwa karibu na uwanja wa ndege wa Mogadishu, akaanza kututajia majina yao kuanzia mstari wa nyuma, na fundi akaiweka bisibisi chini ili asikilize.