Moyo Kwenda Mbio: Maradhi, Tiba na Hatari kwa Ubongo

Katika Kiswahili, msemo "moyo kwenda mbio" aghalabu huashiria hofu. Hata hivyo, mgonjwa autamkapo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, huenda anataja maradhi: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kudunda. Damu hutuama humo na kuganda. Bonge lake likifika ubongoni, huleta kiharusi.

Mojawapo ya tiba ni kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha kuunguza kwa joto au baridi kali sehemu zinazovuruga mapigo. Njia hii ilishika kasi baada ya utafiti wa Michel Haïssaguerre na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998. Ajabu ni kwamba tiba yenyewe yaweza kupeleka bonge la damu au kiputo cha hewa ubongoni. Wanaopata kiharusi ni pungufu ya 1 katika kila wagonjwa 100, japo wengine hubaki na majeraha madogo ya ubongo yasiyo na dalili. Ndiyo maana dawa za kuzuia damu kuganda hutolewa kabla na baada ya tiba.

Mgonjwa hawezi kuridhia asichokielewa. Kwa hivyo, wanaistilahi wa Kiswahili wana deni: kutenganisha bayana moyo unaohofu na moyo unaougua.