Kahawa ya mashine nyumbani: Usiitupe ile karatasi

Baba mkwe wangu ana miaka 68 na ana nidhamu ambayo mimi sina. Daktari alipomwambia kuwa lehemu yake iko juu, ile ambayo hospitalini mnaisikia ikiitwa kolestro, aliacha chipsi siku hiyohiyo. Nyama akawa anakata mafuta na kuyaweka pembeni ya sahani. Jioni akaanza kutembea mpaka stendi na kurudi. Baada ya miezi mitatu akapima tena, na lehemu mbaya ikawa imeshuka kidogo sana. Alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyedhulumiwa.

Tulipokwenda Moshi kuwasalimia, niliingia jikoni kumsaidia mama mkwe nikakuta mashine ya kahawa, zawadi ya wifi yangu anayeishi ughaibuni. Ni ile ya kawaida: unatia maji nyuma, kahawa ya unga juu, maji ya moto yanadondoka taratibu na kahawa inashuka kwenye jagi la kioo. Karatasi za kuchujia zilizokuja nayo ziliisha wiki ya pili. Mzee akaona ni mbwembwe tu, akaweka kichujio cha waya badala yake. Alikuwa akinywa vikombe vikubwa vitano kwa siku, na wakati wa baridi ya Julai alichemsha vingine kwenye sufuria.

Sisemi kwamba kahawa ndiyo mchawi. Lehemu hupanda kwa sababu nyingi, zikiwamo za kurithi, na mtu anaweza kuishi vizuri kabisa na bado akahitaji dawa. Lakini kama wewe au mzazi wako mmeambiwa lehemu iko juu, na nyumbani mnapenda kahawa, swali la karatasi si mbwembwe.

Kahawa ina mafuta yake ya asili. Chungulia kikombe cha kahawa iliyochemshwa, utayaona yaking'aa juu. Ndani ya mafuta hayo kuna kemikali mbili, kafestoli na kahweoli. Hiyo ya kwanza hasa hulivuruga ini katika kazi yake ya kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Hili halikugunduliwa juzi. Mwaka 1983 watafiti wa mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa watu waliokunywa kahawa nyingi walikuwa na lehemu ya juu zaidi. Wenzao wa nchi nyingine hawakuona hivyo kila mara, na ubishi ukawa mkubwa, mpaka ilipoonekana kuwa watu wa kule walikuwa wakichemsha kahawa yao. Baadaye watafiti wa Uholanzi walifuatilia hayo mafuta na kuonyesha kwamba ukiipitisha kahawa kwenye karatasi, karibu yote hubaki nyuma. Yananasa kwenye machicha na kwenye nyuzi za karatasi, kahawa inashuka safi.

Kichujio cha waya hakifanyi kazi hiyo. Kinazuia machicha, mafuta yanapita.

Karatasi yenyewe, kwa taarifa yako, ilianzia jikoni kwa mama mmoja. Mwaka 1908, mjini Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alichoshwa na kahawa chungu yenye machicha mdomoni. Akatoboa matundu kwenye chombo cha shaba, akachukua karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la shule la mwanawe, akaitandika ndani na kumimina maji ya moto. Aliichukulia hataza mwaka huohuo. Hakuwa na habari ya lehemu, alitaka kikombe kizuri tu.

Na hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu kikombe kizuri kina faida ya pili. Kahawa iliyotengenezwa vibaya huwa chungu, na kahawa chungu huitiwa sukari. Vijiko vitatu vidogo kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vizuri zaidi sukari yote ya kuongeza kwa siku isizidi kama gramu 25 kwa mtu mzima. Mwenye kisukari anajua uzito wa hesabu hiyo kuliko mimi.

Basi uchungu unatoka wapi? Mara nyingi unatokana na usagaji. Kahawa iliyosagwa laini kama unga inafaa kwa dele. Ukiitia kwenye mashine, maji yanakwama, yanakaa mno na kahawa, yanatoa uchungu wote na wakati mwingine yanafurika mpaka mezani. Mwambie anayekusagia kuwa unataka ya mashine ya kuchuja: ukiishika vidoleni iwe kama mchanga, isiwe kama poda. Kipimo ni kama gramu 60 kwa lita moja ya maji. Huna mizani? Tia kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kila alama moja iliyochorwa kwenye jagi. Usishangae alama kumi zikajaza vikombe vitano tu vya nyumbani kwako. “Kikombe” cha mashine nyingi ni mililita 125 au 150, wakati kile kikombe chako kikubwa huchukua mara mbili yake.

Wengi wanapunguza kahawa wakidhani itapunguza uchungu. Inakuwa kinyume, kwa sababu maji mengi yakipita kwenye kahawa kidogo yanaikamua mpaka mwisho, nawe unapata maji machungu yasiyo na harufu nzuri. Ikiwa nzito sana kwako, tengeneza kwa kipimo sahihi kisha ongeza maji ya moto kikombeni.

Kosa jingine ni kuliacha jagi kwenye kisahani chake cha moto asubuhi nzima. Baada ya nusu saa hivi kahawa inaanza kuungua pole pole. Ikishuka yote, imimine kwenye chupa ya chai iliyosafishwa vizuri na uzime mashine. Ukifanya haya matatu, jaribu kupunguza sukari nusu kijiko kila wiki. Baba mkwe alianza na vijiko vitatu, sasa anatumia kimoja na analalamika kwamba cha kwake ni kitamu mno.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Mashine hupasha maji kwa muda mfupi tu yanapopita, kwa hiyo usiitegemee kuua vijidudu. Tia maji yaliyokwisha kuchemshwa au kutibiwa, yaliyopoa. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, ndani kutajengeka ukoko mweupe, mashine itakuwa nzito na maji hayatapata moto wa kutosha. Kila mwezi pitisha siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, kisha pitisha maji matupu mara mbili. Machicha na karatasi ya jana vitupwe jana hiyohiyo, na mfuniko uache wazi pakauke. Nimeshaona ukungu wa kijani kwenye mashine ya mtu msafi kabisa.

Karatasi zinapatikana kwenye supamaketi za mijini. Itumie mara moja kisha itupe. Usijaribu gazeti, lina wino, wala toilet pepa. Huna mashine? Huhitaji kuinunua. Chemsha kahawa yako ulivyozoea, weka karatasi ya kuchujia ndani ya chujio la chai, mimina taratibu. Kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo, nayo ina mafuta hayo kidogo sana. Na kile kikombe kidogo cha kahawa chungu barazani, pamoja na kashata, siwezi kumnyima mzee wa watu. Tatizo ni vikombe vikubwa vitano kila siku, miaka na miaka.

Mzazi mwenye mtoto mdogo, sasa nazungumza nawe. Jagi hilo lina kahawa inayoweza kuunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, na waya wa mashine unaoning'inia mezani ni mwaliko wa kuvuta. Isukume mashine mpaka ukutani, waya uwe nyuma yake. Usinywe kahawa ya moto huku umempakata mtoto. Ajali ikitokea, mvue haraka nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, kisha mwagilia sehemu iliyoungua maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, wala mafuta. Usiweke barafu. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa kama ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au kama ni mtoto mchanga.

Kumwonjesha mtoto kahawa “kidogo tu” ninakuona sana kwenye familia zetu, na sikushauri. Mwili wake ni mdogo, usingizi wake una kazi kubwa, na maziwa au uji vinamfaa zaidi.

Jambo moja karatasi haliwezi: haizuii kafeini. Mjamzito anashauriwa na wataalamu wengi asizidishe miligramu 200 kwa siku, na kikombe kimoja cha mililita 240 cha kahawa ya mashine kinaweza kuwa na karibu miligramu 100. Kwa hiyo vikombe vikubwa viwili vinaweza kumvusha mpaka. Aina ya kahawa nayo inabadilisha hesabu. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga. Soma pakiti. Mjamzito hukaa na kafeini mwilini muda mrefu kuliko kawaida, ndiyo maana kikombe cha saa kumi jioni humkesha.

Anayemeza vidonge vya kuongeza damu asivimeze na kahawa wala chai, vinazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Aache saa moja au mbili. Wa dawa ya tezi ya shingo ameze kwa maji matupu asubuhi na asubiri mpaka saa moja ipite ndipo aiwashe mashine. Na siku ya kupima presha, usinywe kahawa nusu saa kabla ya kipimo, utampa daktari namba isiyo yako.

Baba mkwe amenunua pakiti mbili za karatasi na ameandika tarehe kwenye ya kwanza. Dawa aliyoandikiwa anaendelea nayo, kutembea stendi anaendelea. Kipimo kijacho ni mwezi ujao, na amenionya kabisa kwamba namba zikigoma kushuka safari hii, atakayejibu ni mimi.